Duka lisilo na bango pale Kabwe: pa kunyooshea jina lililopindwa jeshini

Duka lenyewe halina bango. Lipo Kabwe, Mbeya mjini, kwenye safu ya vibanda vya nyuma ukishaiacha barabara kuu ya Tunduma, na alama yake ni karatasi iliyobandikwa kwenye kioo: "Barua, viapo, fomu za RITA, wasifu, picha za paspoti." Ukipotea, waulize mafundi simu wa pale, "Yuko wapi yule dada wa makaratasi?" Watakuonyesha bila hata kuinua kichwa.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimewanyima, na sababu nitaitaja mbele. Naandika hasa kwa ajili ya wenzangu waliostaafu jeshini, kwa sababu kila tukikutana, iwe msibani au kwenye foleni ya benki, lazima atokee mmoja wa kulalamika kwamba faili lake lina jina la mtu mwingine, na lazima atokee mwingine wa kumpa ushauri wa hovyo.

Kesi yangu ilikuwa hivi. Niliingia jeshini mwaka 1978, kijana wa Rungwe mwenye miaka ishirini, miezi michache kabla Idi Amin hajaingiza askari wake Kagera. Siku zile mimi niliandikishwa kwa mdomo. Unasimama mbele ya meza, karani anauliza jina, unataja, anaandika alichokisikia. Mimi nikasema Ambokile. Yule bwana, mtu wa pwani kwa lafudhi yake, akaandika Ambrose. Jina la ukoo aliliandika sawasawa, maana haya majina yetu yanayoanza na Mwa- makarani wa nchi hii walishayazoea. Tarehe ya kuzaliwa hakuniuliza kabisa. Alinitazama mabega, akakadiria: 1 Julai 1956. Watu wa rika langu mnaijua hiyo 1 Julai. Ukifuata makaratasi, utadhani nusu ya nchi ilizaliwa siku moja.

Miaka ikapita, nikaoa, nikapeleka jina la mke ofisini. Mke wangu anaitwa Subilaga. Karani mwingine, kambi nyingine, tabia ileile: akaandika Subira.

Nikiwa bado ndani, hayo hayakunisumbua hata siku moja. Jeshini wewe ni namba. Hiyo MT na tarakimu zake ndiyo inayokulipa mshahara, inayokupandisha cheo, inayokupa likizo, na namba yangu haikukosewa popote tangu siku ya kwanza hadi nastaafu nikiwa sajinitaji. Shida huanza ukishavua gwanda. Uraiani hakuna anayejali MT. Uraiani kuna NIDA, wale wa kitambulisho cha taifa, na namba ya NIDA ina tarakimu 20 ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mimi nilijiandikisha NIDA kwa cheti cha ubatizo, kwa hiyo namba yangu inaanza na 19580414. Sasa ichukue hiyo, iweke pembeni ya faili linalosema 01/07/1956, ongeza Ambrose pembeni ya Ambokile, halafu mpelekee kijana wa dirishani siku ya uhakiki wa wastaafu. Alinitazama kama mtu aliyekuja kula pensheni ya marehemu.

Nimtendee haki, hakunifukuza. Alisema, "Mzee, hawa kwenye karatasi ni watu wawili. Nenda kalete kitu kinachosema ni mmoja."

Kabla ya kufika Kabwe nilipita kwa watu wengine. Siwataji, na mtaa wao pia siutaji. Hao wana kompyuta mpya, viti vya kuzunguka, na kiapo kilichoandaliwa tangu enzi hizo. Kazi yao ni kufuta jina la mteja wa jana na kuweka la kwako. Muda wa kunywa kikombe cha chai, umeshatoka na karatasi yenye mhuri. Yangu niliisoma kwenye daladala nikielekea Uyole. "Mimi, Ambokile" na ukoo wangu, "Mtanzania, mtu mzima, Mkristo, mjane, mkazi wa Chunya, naapa na kuthibitisha kama ifuatavyo." Yaani kwa kiapo hicho mimi ni mama niliyefiwa na mume, na kwangu ni Chunya. Mama Subilaga wakati huo alikuwa nyumbani anamenya viazi. Halafu tazama chini: pale panapotakiwa kuandikwa mahali na tarehe ya kuapa palikuwa peupe, mhuri tu umegongwa. Huyo mwenye mhuri sikumwona kwa macho, wala yeye hakuniona. Nilipowarudishia waliniambia marekebisho ni shilingi 5,000. Marekebisho ya kosa lao!

Sasa huyu dada wa Kabwe. Nilipoingia alikuwa anambania mwanafunzi ripoti yake. "Shikamoo babu, karibu ukae." Nikakaa, zamu yangu ikafika, nikampa bahasha yangu ya kaki. Nilitegemea swali la kawaida, "Unataka kuchapa nini?" Hakuuliza. Alipangusa meza kwa kitambaa, akatoa karatasi moja moja, akazipanga kwa umri wake kama askari kwenye mstari: cheti cha ubatizo kushoto kabisa, cheti cha darasa la saba, nakala ya fomu ya kuandikishwa, cheti cha ndoa, barua ya kustaafu, na kitambulisho cha taifa kulia mwisho. Akafungua daftari la shule, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaandika "Jeshi linasema", upande wa pili "Wengine wanasema". Kisha akasoma kila karatasi kwa kidole, neno kwa neno, hadi maandishi ya ndani ya mihuri. Mihuri iliyofifia aliinamisha kwenye mwanga wa mlangoni.

Alichukua muda. Benchi zima lilikuwa linamsubiri, yeye anasoma. Na akaona kitu ambacho mimi kwa miaka yote niliyoitunza bahasha ile sikuwahi kukiona: kwenye barua ya kustaafu nimeandikwa "Ambros", bila e ya mwisho. Kwa hiyo sikuwa watu wawili, nilikuwa watatu.

"Babu, karatasi ya zamani kuliko zote ni hii ya ubatizo?"

"Ndiyo hiyo."

"Hii ni nakala, na imepigwa tapureta miaka ya juzi. Tunataka kanisa litoe maneno kutoka kwenye daftari lao, siyo kutoka kwenye nakala yako."

Akakusanya karatasi zangu, akazirudisha kwenye bahasha kwa mpangilio uleule, akachana ule ukurasa wa daftari akanipa. Nikauliza ni kiasi gani. Akasema hajafanya kazi bado, nije nikishapata barua ya kanisa. Kwa mtu anayelipwa kwa ukurasa, kumrudisha mteja mwenye pesa mkononi siyo jambo dogo.

Safari ya Rungwe haina maneno mengi. Wamoravian wapo pale tangu 1891, na kutunza madaftari wanakujua. Mzee wa ofisi alitoa daftari lenye jalada gumu, kurasa zimekuwa rangi ya chai, akashusha kidole hadi kwangu: jina, baba, mama, kijiji, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa. Ambokile, kwa wino wa buluu na mwandiko wa kupendeza kuliko wa makarani wote waliokuja baadaye. Wakaniandikia barua yenye mhuri inayotaja hadi namba ya ukurasa. Kwa msio na kanisa, dada anasema rejesta ya shule ya msingi uliyosoma hufanya kazi hiyohiyo, ila mwalimu mkuu aandike kwamba ameitazama rejesta, asiseme tu kwamba anakufahamu.

Niliporudi ndipo nikakutana na wakili. Hakai pale dukani. Huja alasiri akishatoka mahakamani, anakaa kwenye stuli karibu na mashine ya nakala na mhuri wake kwenye mkoba. Ni kijana, angeweza kuwa mjukuu wangu. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo afande," halafu akauliza swali moja ambalo lilibeba kazi yote.

"Mzee wangu, hili jina ulilibadili au lilikosewa?"

"Lilikosewa."

"Basi tusiandike popote kwamba umelibadili."

Hapa ndipo wenzetu wengi wanapopotezwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtaani kila mtu atakwambia, "Nenda kafanye hati ya kubadili jina." Hati hiyo ipo, husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na ndiyo ile mnayoiona ikitangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Lakini maneno yake ni ya mtu anayesema: nilikuwa fulani, naliacha jina hilo, kuanzia leo niitwe fulani. Ukiitia saini kwa kosa la karani, umekiri kwamba hadi jana ulikuwa Ambrose wa kweli. Cheti cha ubatizo, cha shule na cha ndoa, ambavyo vyote vilikuwa sahihi, sasa ndivyo vinaonekana vya mashaka. Umetibu karatasi moja, umeugulisha tatu. Wakili akasema kinachonifaa ni hati ya kiapo inayosema kwamba Ambokile, Ambrose na Ambros ni mtu mmoja, mwenye namba moja ya jeshi, na kwamba jina la haki ni lile la daftari la kanisa. Aliongeza, na nashukuru hakunificha, kwamba zipo ofisi ambazo zitadai hati ya kubadili jina hata ukiwaeleza nini. Zikidai, itatengenezwa, lakini isiwe ya kwanza kutoka.

Nikamuuliza kama hakuna sheria ya kuwabana. Akanitajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayompa mtu haki ya kuomba taarifa zake zilizokosewa zirekebishwe. "Lakini mzee, sheria hiyohiyo imeacha mlango kwa mambo ya usalama wa taifa, na faili la askari unajua linakaa upande gani. Tuombe kwanza kwa adabu. Sheria tutaitoa mfukoni ikibidi."

Kiapo kilikuwa ukurasa mmoja na robo. Alinisomea chote kwa sauti, nikamsahihisha kijiji, dada akachapa upya hapohapo bila kuongeza bei. Aliniomba kitambulisho, akanitazama usoni, akaniapisha. Halafu akaandika mwenyewe, kwa kalamu, mbele yangu: kimeapwa Mbeya, tarehe fulani, mbele yangu mimi fulani. Akasema mahakama zinavitupa viapo kwa sababu ya hapo tu, mtu amesahau mahali au tarehe. Nikakumbuka ile karatasi ya mama wa Chunya.

Barua ndiyo ilituletea ugomvi mdogo, mimi na dada. Mimi nilikwenda na rasimu yangu niliyoiandika usiku, kurasa mbili na nusu. Ndani yake nilieleza Kyaka, nikaeleza tulivyovuka Mto Kagera baada ya daraja kuvunjwa, nikaeleza mahali nilipokuwa siku Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979. Niliona ofisi ikisoma hayo itajua inashughulika na mtu gani. Dada akasoma yote kwa heshima, wala hakucheka, kisha akasema:

"Babu, hapa tunaomba herufi, hatuombi nishani."

Akaibana barua nzima kwenye ukurasa mmoja. Juu kabisa namba ya MT, kabla hata ya jina, kwa sababu, anasema, mtu wa masijala anatafuta faili kwa namba. Chini yake: "Yah: Maombi ya kusahihisha jina la kwanza, jina la mke na tarehe ya kuzaliwa." Kisha kila kosa na mstari wake: lilivyoandikwa, linavyotakiwa, kiambatisho namba ngapi kinathibitisha. Hakuna kulaumu karani, hakuna historia. Mimi bado naona mstari mmoja wa Kagera ungefaa. Tuliachana hivyo, yeye na msimamo wake na mimi na wangu, lakini barua iliyokwenda ni yake.

Aliniagiza pia namna ya kuipeleka. Iwe nakala mbili. Moja inabaki huko, ya pili wagonge mhuri wa kupokelewa na tarehe, uondoke nayo. Viambatisho viwe nakala zilizothibitishwa. Vyeti halisi uende navyo mkononi waone, kisha virudi kwenye sanduku lako la bati nyumbani. Mimi nilianzia kwa mshauri wa mgambo, ambaye kila wilaya anaye, naye ni askari, anajua barua ya namna hii inaelekea dirisha gani. Alinipokea vizuri. Mwenye wilaya yake nyingine na aanzie huko, asifunge safari ya kwenda makao makuu kwa basi la usiku akiwa na bahasha kwapani.

Na hapa niwaonye juu ya vishoka. Pale mjini nilifuatwa na mtu mwenye koti zuri, ananiita "kamanda", anasema ana mtu wake makao makuu, nimpe 150,000 na picha za vyeti kwenye simu, kazi wiki moja. Dada wa Kabwe hakuniahidi siku, wala matokeo, wala mtu. Alichoniahidi ni kwamba karatasi zangu hazitapingana. Ahadi yake ilikuwa ndogo na aliitimiza.

Majibu yalichukua muda mrefu, na siwezi kuliweka hilo kwenye hesabu ya duka. Jina la kwanza limesahihishwa. La mke limesahihishwa, kwa nguvu ya cheti cha ndoa na kiapo. Tarehe ya kuzaliwa imekataliwa: faili litaendelea kushika ile niliyoandikishwa nayo. Wakili alinitahadharisha mapema kabisa, hata kabla hajagonga mhuri, kwamba mwajiri wa serikali kwa kawaida hushikilia tarehe uliyoingia nayo kazini, kwa sababu ndiyo iliyohesabu utumishi na kustaafu, na kama ingeachwa iguswe mwishoni, kila mtu angejipunguzia umri siku anapokaribia kutoka. Hoja naielewa. Nilikasirika vilevile. Karibu miaka miwili ya utumishi nimepokonywa na mtu aliyenitazama mabega.

Hata hivyo barua ya majibu imeandika kwamba mwenye namba ile ya MT ndiye mwenye kitambulisho kile cha taifa, na kwamba tofauti ya tarehe inajulikana. Nilipoipeleka dirishani pamoja na kiapo, kijana akaisoma, akatoa nakala, akasema, "Sawa mzee, imekaa." Mengine yote aliyoyataka siku ile ya kwanza hakuyataka tena.

Jina la mke ndilo lililonipa usingizi kuliko langu. Mwenzangu mmoja wa kombania ileile alifariki na faili lake likiwa na jina la nyumbani la mkewe, lile la kuitwa na majirani, siyo la kwenye cheti. Yule mama alizunguka kati ya mahakama ya mirathi na ofisi nyingine hadi viatu vikaisha, anathibitisha kwamba yeye ni yeye. Mtu aliyejua kwamba hayo majina mawili ni ya mke mmoja alikuwa kaburini, na kiapo cha marehemu hakipatikani kwa wakili yeyote. Kwa hiyo wewe unayesema "langu liko sawa", angalia na la mama watoto, angalia na ya watoto. Dada huwa anauliza hilo bila kuambiwa. Mimi nilikwenda kwa ajili ya Ambrose, ni yeye aliyeniuliza, "Na bibi kwenye faili anaitwaje?"

Nyota ya tano. Benchi la wateja limegusana na meza. Siku ile mwanafunzi wa chuo aliyekuja kubaniwa ripoti aliondoka akijua namba yangu ya jeshi, mwaka wangu wa kuajiriwa, na jina la mke wangu kwa matoleo yote mawili. Pazia la kitenge lingetosha kutatua hilo. Halafu kompyuta. Nikiwa nasubiri nilisoma kwenye kioo chake mafaili ya watu wengine yenye majina kamili, "kiapo cha fulani", "mirathi ya fulani", yamejipanga waziwazi. Nilimwomba afute ya kwangu. Akafuta mbele yangu, na kwenye pipa la taka la kompyuta pia akafuta, na akaniomba radhi. Lakini mteja asingepaswa kuomba. Hizi ni karatasi za askari, na hata zingekuwa za mkulima wa viazi wa Umalila, ni zake. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya gwaride kidogo, akaitikia "Sawa afande", na sijui kama amebadilika kwa wengine, nendeni mkaangalie.

Umeme ukikatika, kazi imesimama, hawana jenereta. Wino wa mashine ya nakala unafifia kila mara na lazima umwambie arudie. Hurudia bila kununa. Wakili akichelewa mahakamani, hakuna wa kukuambia atafika saa ngapi.

Bei nilizolipa mimi: kuchapa shilingi 1,000 kwa ukurasa, nakala 100, barua ya maombi 5,000 pamoja na kuitunga, kiapo 25,000 na wakili akiwemo. Kusoma bahasha nzima na kuandika ule ukurasa wa tofauti, bure. Ukitaka hati ya kubadili jina, bei ni nyingine, na wakili atakueleza ada za kusajili kando na zake.

Kama shida yako ni hati ya kiwanja au kesi, usiwasumbue, hiyo siyo kazi yao. Kama una picha za vyeti kwenye simu tu, watakurudisha nyumbani, kwa hiyo beba halisi, kila kimoja, hata kile unachokiona cha kipuuzi; mimi kadi ya zamani ya kliniki ya mtoto wa kwanza ndiyo iliyokuwa na jina la Subilaga likiwa limeandikwa vizuri mapema kuliko karatasi yoyote ya familia. Fika asubuhi kwa ajili ya dada, baki au rudi baada ya saa tisa mchana kwa ajili ya wakili. Jumamosi wanafunga saa saba. Benchi ni la saruji, na Mbeya ya Juni mnaijua, kwa hiyo vaeni koti.